Kila nyumba iwe na altare yake

Katika nyumba nyingi ninazotembelea na wanajumuiya wenzangu hapa Dar es Salaam, ukuta mzuri kuliko yote umepewa televisheni. Rozari imo kabatini, Biblia iko juu ya friji chini ya madaftari ya watoto. Nasema wazi: sisi Wakatoliki tuzirudishie nyumba zetu altare ndogo.

Mwaka 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia kanisa la nyumbani. Kanisa gani halina mahali pa kusalia?

Wapo wanaosema hawana nafasi. Mimi na mume wangu tulilea watoto katika chumba kimoja cha kupanga, Manzese. Altare yetu ilikuwa kimeza kando ya kitanda: kitambaa cheupe, msalaba, picha ya Mama Maria, chupa ya maji ya baraka, na mshumaa juu ya sahani ya bati, mbali na pazia. Tawi la Jumapili ya Matawi lilikaa nyuma ya msalaba hadi parokia ilipolihitaji kwa Jumatano ya Majivu.

Mungu yuko kila mahali, ndiyo. Lakini mtoto hujifunza kwa anachokiona. Wangu walijua Alhamisi ni matendo ya mwanga ya rozari kabla hawajajua kusoma, kwa kuwa jioni tulipiga magoti palepale, hata siku tuliyonuniana. Mahali penyewe palitudai tusameheane kwanza.

Usisubiri Oktoba, mwezi wa rozari. Tandika kitambaa leo, simamisha msalaba, waite watoto na dada wa kazi, muanze na fungu moja tu.