Mwaliko wa mkutano, sanduku la spana

Barua ya mwaliko inasema fundi anakwenda mkutanoni. Sandukuni mna buti za usalama, ovaroli yenye nembo ya kampuni, multimita na seti ya spana. Afisa wa uhamiaji atakayelifungua mpakani Kasumbalesa hatahitaji ujanja mwingi kutambua kwamba huyu haendi kukaa kitini.

Mafundi wa Kolwezi, kwetu Kongo, wanaijua hali hiyo. Migodi yao imeunganishwa na dunia: Glencore iko kwenye mgodi wa KCC, CMOC ya China iko Tenke Fungurume tangu 2016, Zijin ina hisa Kamoa-Kakula. Fundi anaweza kutumwa Kitwe, Zambia, kushughulikia pampu, au China kukagua mtambo kabla haujasafirishwa. Ni kazi ya wiki tatu, lakini ni kazi. Viza ya biashara kwa kawaida inaruhusu mazungumzo tu, kibali cha kazi kinataka mkataba na miezi ya kungoja, na mgodi haungoji. Basi ofisi inaandika "mkutano".

Mwenye kulipia uongo huo ni fundi. Akikamatwa, muhuri unagongwa kwenye pasipoti yake, na safari ijayo ni yeye atakayeulizwa kwa nini alirudishwa. Kampuni itatuma mwingine.

Si kwamba haiwezekani kufanya vingine. Viza ya biashara ya Tanzania, ya dola 250, inakubali shughuli za kitaalamu za muda usiozidi miezi mitatu. Kenya ina pasi maalumu. Afrika Kusini inaweza kumruhusu mgeni kufanya kazi hadi miezi mitatu kwa viza ya matembezi iliyoidhinishwa, na China ina utaratibu wa kazi zisizozidi siku 90 tangu Januari 2015. Shida ni kuufikia mlango wenyewe. Ubalozi wa China uko Kinshasa, na kutoka Kolwezi huko ni kwa ndege. Kijana aliyetoka Musumba, kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, akapata ajira mgodini, ameshasafiri sana kabla hajaonana na mtu wa kupokea dosie yake.

Lakini na sisi Wakongomani tunafanya yaleyale. Mtaalamu wa kigeni huingia kwa viza volan, ile inayotolewa mtu anapowasili, akafunga mtambo, akaondoka. Sheria ya kazi ya 2002 inamtaka mgeni awe na kadi ya kazi, na ombi lake lipite kwenye tume ya taifa ya ajira za wageni. Kwa mtu wa wiki tatu, karatasi hizo huchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Tukiwafumbia macho hawa, tutadai nini kwa wenzetu?

Kongo itunge kibali chake cha kazi fupi, siku 90, kitolewe Kolwezi na Lubumbashi. Najua watakachosema wafanyakazi: kibali kitaongezwa na kuongezwa hadi mgeni awe mwenyeji wa kiti cha Mkongomani. Hofu hiyo ina msingi, na mimi nisingekubali kibali kinachoweza kurudiwa kwa nafasi ileile ndani ya mwaka mmoja, wala kisichotaja jina la fundi wa hapa atakayefundishwa.

Tukiwa na kibali hicho, tutakuwa na la kujadiliana na majirani. Tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na itifaki yake ya soko la pamoja, inayotumika tangu 2010, inagusa wafanyakazi kuvuka mipaka. Zambia haimo humo, na itifaki ya SADC ya 2005 kuhusu watu kusafiri bado haijaanza kutumika. Kwa Kitwe, basi, itabidi Kinshasa na Lusaka wakae wenyewe.

Hadi hapo, fundi, soma barua ya mwaliko kabla ya kuibeba. Ikisema mkutano nawe umefungashiwa spana, irudishe ofisini waandike kazi unayokwenda kufanya.