Kriketi isiendelee kuwaadhibu waliojeruhiwa

CHRIS Woakes wa Uingereza alipoingia uwanjani The Oval, jijini London, mnamo Agosti 4, 2025, mkono wake wa kushoto ukiwa umefungwa na kufichwa ndani ya sweta, mashabiki wa pande zote mbili walisimama kumshangilia.

Bega lake lilikuwa limeteguka siku ya kwanza ya mechi hiyo dhidi ya India, alipojitupa kuzuia mpira usivuke mpaka. Tangu hapo warushaji watatu wa kasi waliosalia walibeba mzigo wa wanne, maadamu sheria haikuruhusu mwingine kurusha badala yake.

Woakes hakukabili hata mpira mmoja. Alisimama upande wa pili na kukimbia kwa maumivu makali kila mwenzake, Gus Atkinson, alipohitaji mkimbio. Hatimaye Mohammed Siraj aliiangusha wiketi ya Atkinson, na India ikashinda kwa mikimbio 6 pekee.

Ushujaa wa aina hiyo unasifiwa sana katika kriketi. Mnamo 1963, Colin Cowdrey alitoka kucheza Lord's mkono ukiwa na plasta. Graeme Smith wa Afrika Kusini akafanya vivyo hivyo jijini Sydney mwaka wa 2009, mkono umevunjika. Hata hivyo, ni nadra kwa wanaowapigia makofi kuuliza kwa nini walilazimika kutoka.

Jibu ni kwamba sheria za kriketi zinamtambua mchezaji wa akiba kwa kazi ya kuzuia mipira tu. Haruhusiwi kupiga wala kurusha. Tangu 2017 anaweza kulinda wiketi iwapo waamuzi wataridhia. Na tangu 2011, katika mechi za kimataifa, aliyeumia mguu hawezi hata kukimbiliwa na mwenzake.

Kandanda iliachana na ukali huo zamani. Kombe la Dunia la 1970 nchini Mexico lilichezwa na wachezaji wa akiba, na sioni kwamba ladha ya mchezo ilipungua. Ikumbukwe kwamba kandanda humalizika kwa dakika 90, ilhali mechi ya Testi huendelea hadi siku tano. Anayevunjika mfupa saa ya kwanza huiachia timu yake pengo la takriban juma zima.

Kriketi yenyewe imekwisha kuikubali hoja hii nusu nusu. Baada ya Phil Hughes wa Australia kufariki Novemba 2014, siku mbili baada ya kugongwa na mpira shingoni, usalama wa wapigaji ulianza kujadiliwa kwa uzito mpya. Mnamo Agosti 2019, Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) liliruhusu aliyepata mtikisiko wa ubongo abadilishwe na mchezaji wa aina yake. Mwezi huo huo, Marnus Labuschagne alichukua nafasi ya Steve Smith na kufunga mikimbio 59 dhidi ya Uingereza.

Kwa nini, basi, ubongo uhurumiwe na mfupa ukataliwe?

Wapinzani wanahofia udanganyifu. Mnamo Julai 2025, Rishabh Pant wa India alivunjika mguu jijini Manchester (mrushaji alikuwa Woakes yuyo huyo), akarudi akichechemea na kufikisha mikimbio 54. Kocha wake, Gautam Gambhir, alitaka majeruhi wa namna hiyo wapokezwe. Nahodha wa Uingereza, Ben Stokes, aliupuuza wazo hilo kabisa, akisema kwamba mchezaji yeyote akiingizwa katika mashine ya kupiga picha za mwili hatakosa kupatikana na kasoro. Siku nne baadaye, Woakes aliumia.

Hoja ya Stokes si ya kubezwa. Mnamo Januari 2025 mjini Pune (mji ambao Wakenya wanaukumbuka kwa kipigo tulichowapa West Indies mwaka wa 1996), Shivam Dube aligongwa kwenye helmeti. Nafasi yake ilichukuliwa na Harshit Rana, ambaye ni mrushaji wa kasi hasa kuliko mpigaji. Rana aliangusha wiketi tatu na India ikashinda. Nahodha Jos Buttler alilalamika kwamba wawili hao hawafanani, na ni vigumu kumpinga.

Lakini tatizo la Pune lilikuwa la mwamuzi, si la kanuni. ICC imelishughulikia: tangu katikati ya 2025, kila timu hutaja mapema wachezaji watano wa kuingia endapo mtu atapata mtikisiko wa ubongo, mmoja kwa kila aina ya kazi. Orodha hiyo hiyo ingetosha kwa mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka.

India imeanza kujaribu utaratibu kama huo katika mechi zake za nyumbani za siku kadhaa, msimu wa 2025-26. Jeraha sharti liwe la nje na kubwa, lipatikane mchezoni, na refa wa mechi aridhike. Misuli iliyovutika haimo, na ni sawa isiwemo. Hapo ndipo ujanja ungejificha, kwani hakuna picha inayoweza kupima maumivu ya msuli.

Woakes alistaafu kriketi ya kimataifa Septemba 2025, bila kuichezea Uingereza tena.

Lililosalia ni swali la nani athibitishe jeraha. Hivi sasa ombi la kumbadilisha aliyegongwa kichwani hutoka kwa maafisa wa timu yake, nao wana maslahi katika matokeo. Iwapo ICC itapanua kanuni hii, daktari asiyefungamana na upande wowote awepo uwanjani, na alipwe na baraza lenyewe, si na bodi iliyoandaa mechi.