Yale Mabaya Tunampa Nani?



Baada ya Misa ya mavuno niliingia ghalani pamoja na wazee wa kanisa kuiona sadaka ya mazao. Magunia yalikuwa mengi, nasi tulishukuru. Lakini tulipoyafungua machache tulikuta mahindi yaliyogeuka rangi, mengine ya kijani kilichofifia, mengine meusi, na vumbi la ukungu likatupanda puani. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Usihofu, Baba. Haya ni ya wale wanaokuja kuomba chakula. Mazuri tumeyatenga kwa ajili ya nyumba ya mapadre." Alidhani ananifurahisha. Nami leo nasema bila kumung'unya maneno: gunia lile lilikuwa sumu, na tulikuwa tayari kuigawa kwa jina la huruma.

Wataalamu wetu wameipa sumu hiyo jina zuri la Kiswahili: sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu wanaoota katika mahindi, karanga, mtama na nafaka nyingine, na iliyo kali kuliko zote huitwa aflatoksini. Kuvu huanza kazi shambani, hasa mmea ukipigwa na ukame au punje zikitobolewa na wadudu, kisha hushamiri tunapoyarundika mahindi kabla hayajakauka. Moto wa jikoni hauiondoi. Ugali utaiva, uji utachemka, na sumu itabaki. Wala haina ladha ya kutuonya. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B yumo katika hatari kubwa zaidi. Ikiingia nyingi kwa mkupuo, huua kwa siku chache.

Wapo watakaosema kwamba babu zetu walikula na hawakufa. Nani aliwahesabu? Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, waliugua watu 317 na wakafa 125. Ilikuwa baada ya mahindi ya nyumbani kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, mengi yakiwekwa ndani ya nyumba wanamolala watu. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2016, familia za mikoa ya Dodoma na Manyara zilianza kuona macho ya manjano, matumbo yaliyovimba na kutapika, na mwanzoni ugonjwa ule haukujulikana. Uchunguzi ulipokamilika walikuwa wameugua watu 68, na 20 kati yao tukawazika. Hawakula chakula cha kigeni. Walikula ugali wa mahindi waliyoyalima wenyewe. Laiti lisingetokea lile la 2016, wangapi wangeandikwa tu kwamba wamekufa kwa manjano, au, Mungu atusamehe, kwamba wamerogwa na jirani?

Sasa nirudi kwenye gunia lile, kwa maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tunafundishwa kuchambua mahindi, na ni mafundisho mema: ukiondoa punje zilizooza, zilizovunjika na zilizotobolewa, unapunguza sumu kwa kiasi kikubwa, ijapokuwa punje yenye sura nzuri nayo yaweza kuwa na sumu. Lakini fikirini maana yake. Sumu iliyokuwa imetawanyika katika gunia zima sasa tumeikusanya katika debe moja. Debe hilo ndilo lenye hatari kuliko lote tulilovuna, na ndilo tunalolipunguzia bei! Linakwenda kwa mpika pombe, kwa mwenye mashine asiyeuliza maswali, kwa mama anayetafuta unga wa bei ya chini, kwa ombaomba wa mlangoni pa kanisa. Tunaitakasa nyumba yetu kwa kuuchafua mlo wa asiye na uwezo wa kuchagua.

Na msiniambie kuhusu pombe kwamba kuchachuka kunasafisha. Hakuimalizi sumu hiyo. Msiniambie pia kwamba ni ya kuku. Ulimwengu uliifahamu aflatoksini kwa sababu ya ndege wa kufugwa: mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Ng'ombe naye akilishwa pumba zenye sumukuvu, sehemu ya sumu hupita katika maziwa, na maziwa hayo tunampa mtoto.

Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za aflatoksini katika kilo moja ya mahindi. Gramu moja tu yatosha kuzifikisha tani 100 kwenye kikomo hicho. Mwezi Machi 2021 Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, tulipiga kelele mno juu ya soko. Sikusikia kelele kama hizo juu ya uji wa lishe, ule tunaochanganya mahindi na karanga, vyakula viwili vinavyopenda kuvu kuliko vyote, tukamnywesha mtoto wa miezi saba.

Najua jibu la mjane aliyevuna magunia sita: "Baba, nikitupa moja watoto watakula nini?" Swali lake ni la haki, na sina ujasiri wa kumhubiria. Hasara hii isimwangukie peke yake. Turubai moja la kuanikia halimshindi mtu kumi wakichanga. Jumuiya ndogo ndogo zinachangia harusi kwa wiki mbili, zishindwe na turubai? Nabii Malaki aliwauliza waliotoa sadaka ya mnyama kipofu kama wangethubutu kumpelekea liwali wao. Nasi tuliyaweka mazuri kwa padre, mabaya kwa maskini, tukaona tumefuata utaratibu.

Gunia lile tumelifukia nyuma ya ghala, pamoja na mengine matatu. Kuanzia msimu huu ghala la parokia halitapokea mahindi ambayo hayajakauka. Katekista atakuwa na chupa kavu na chumvi kavu: punje zitatiwa humo na kutikiswa, na chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yatarudi juani kwenye turubai, yawe ya mwenyekiti wa halmashauri au ya nani. Na wanaokuja kuomba chakula ofisini watapimiwa kutoka gunia lile lile linalopikwa nyumbani kwangu.