Ufa Uliojificha Ndani ya Metali

Tarehe 28 Oktoba 2016, ndege ya Boeing 767 ilikuwa ikishika kasi ya kuruka huko Chicago, Marekani, pale sahani ya turbini katika injini ya kulia ilipopasuka na moto ukawaka. Watu wote walinusurika. Sahani ilikuwa ya aloi ya nikeli, metali inayosifiwa kwa kustahimili joto; lakini ufa ulianzia katika kasoro ndogo ndani yake, ukakua safari baada ya safari.

Ufa mchanga ni mkaidi: mara nyingi hukua haraka kuliko kanuni za nyufa ndefu zinavyotabiri. Basi kukagua uso peke yake hakutoshi. Mawimbi ya sauti yasiyosikika hayana budi kupenyezwa hadi kiini cha metali, ijapokuwa wenye ndege watalalamikia gharama.