JIMBO LA MWALA: MBUNGE NI MTUMISHI, TUMUULIZE KAZI YAKE



Wengi wetu katika reli tumetoka Masii, Wamunyu, Muthetheni, Mbiuni, Kibauni na Makutano ya Mwala. Kila mwisho wa mwezi nasikia neno lile lile: "Mbunge wetu hafanyi kitu." Mimi nasema, kabla ya kulaumu, tujue kiti hiki kimetoka wapi na kazi yake ni ipi.

Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Wajumbe walikuwa wanane tu kwa nchi nzima. Ukambani yote ilipata mmoja, Bwana James Muimi. Tena si kila mtu aliyepiga kura. Watu walipimwa kwa elimu, mshahara, mali na utumishi. Mmoja aliweza kupata kura tatu, na jirani yake asipate hata moja. Ndipo Mei 1963 kila mtu mzima akapata kura yake moja, sawa na mwenzake.

Jimbo la Mwala lenyewe lilianza katika uchaguzi wa 1997, na Bwana John Mutua Katuku akachaguliwa. Mwaka 2002 akachaguliwa tena, na 2005 akawa Waziri wa Maji. Hata hivyo mwaka 2007 wapiga kura walimchagua Bwana Daniel Muoki. Tangu 2013 mbunge ni Bwana Vincent Musyoka, aliyerudishwa 2017 na 2022. Basi tumeona ya kwamba raia wa Mwala wanaweza kumwondoa hata waziri, na wanaweza kumrudisha mtu mara tatu. Nguvu hiyo ni yao.

Lakini nguvu bila maarifa hupotea bure. Wakati wa kiangazi mama zetu hutoka alfajiri na punda kutafuta maji, nasi twamlaumu mbunge. Kwa Katiba ya 2010, huduma ya maji, zahanati na barabara za kaunti ni kazi ya Serikali ya Kaunti ya Machakos. Wa kuuliza kwanza ni gavana, na yule tuliyemchagua katika wadi. Mwala ina wadi sita, kila moja na mjumbe wake. Mbunge tumuulize juu ya sheria anazopitisha, hasa zinazogusa mshahara wetu, na juu ya fedha za maendeleo ya jimbo zilizoanzishwa kwa sheria ya 2003: shule ipi imejengwa, na mtoto wa nani amelipiwa karo.

Tena tujiulize wenyewe. Wangapi kati yetu wameandikishwa kura Nairobi au Mombasa, na wanataka kuamua mambo ya Mwala kwa mdomo? Ukitaka sauti nyumbani, jiandikishe nyumbani. Ukipiga kura mjini, mbane mbunge wa mjini.

Katika chama chetu mweka hazina husimama mbele ya mkutano akasoma hesabu, na hakuna anayeona ni matusi. Kwa nini basi mgombea akija na unga na shilingi mia mbili tunapiga makofi tu? Mkono mtupu haulambwi, ni kweli. Lakini unga huo utakwisha kwa juma moja, na yeye atakaa miaka mitano.

Ndugu, likizo ijayo nenda kwenye baraza la chifu. Simama, uliza kwa adabu, na ungoje jibu.