Tamko la Mafundi: Kofia za Viua Zitoke Makashani

Sisi mafundi, wafuaji na wapenzi wa kofia za mkono wa Unguja na Pemba, tuliokutana katika mkutano mkuu wa chama chetu, tunatoa tamko hili kwa serikali, kwa wafanyabiashara, kwa walezi wa makumbusho na, kabla ya hao wote, kwa kila nyumba yenye kofia ya zamani ndani ya kasha.

Tunaanza na nyumba kwa sababu ndiko ilikolala elimu yetu. Wengi wetu hatukufundishwa kwa kitabu. Fundi aliyependa ua la mwenzake aliazima kofia, akaigeuza ndani, akahesabu viua, yaani matundu yaliyozungushiwa uzi, safu kwa safu, kisha akachora kwa penseli juu ya kitambaa chake. Hivyo ndivyo michoro ilivyosafiri. Kofia ya marehemu babu iliyofungwa mfukoni juu ya kabati huenda ndiyo nakala ya mwisho ya mchoro wake, na wadudu wakiila, mchoro umekwenda nayo.

Wasioijua kazi hii na waijue. Kofia ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na kila kipande ni kitambaa cheupe cha pamba cha tabaka mbili. Mchoro ukishakaa, fundi hupenyeza ncha ya chombo chake katikati ya nyuzi za kitambaa, akazisukuma pembeni hadi tundu likafunguka. Kisha huzungusha uzi ukingoni, mshono ukigusana na mshono, akikaza kila mara ili tundu lisijifunge. Hicho ni kiua kimoja. Kofia nzuri ina mamia, na vyote vinatakiwa vilingane, kwa sababu jicho hukiona upesi kile kilichopotoka. Ndiyo maana kofia moja huchukua miezi. Upepo wa bahari unaopita kwenye matundu hayo ndio unaomfanya mzee akae na kofia yake mchana kutwa bila kuivua.

Na kazi haiishii kwa mshonaji. Kofia hii hufuliwa kwa mkono, ikatiwa kanji, ikavishwa kwenye faruma, yaani kalibu ya kofia, ili ikauke bila kusinyaa na irudi kusimama wima. Mfuaji hodari huirefushia kofia umri wake. Siku hizi faruma ni adimu majumbani na wafuaji wamekuwa wachache, kiasi kwamba watu huzitumbukiza kofia za thamani kwenye mashine pamoja na mashuka, au huzimwagia dawa kali ya madoa inayokula uzi. Tunawasihi sana: msifanye hivyo. Mpelekeeni mtu anayeijua kazi.

Hatuna ugomvi na kofia ya mashine. Ni rahisi, na inamwezesha mtoto wa kila nyumba kuvaa kofia mpya siku ya Idi. Tunachokikataa ni kuuzwa kwake kwa jina la kofia ya mkono. Mnunuzi aigeuze ndani aitazame. Kwenye kazi ya mkono, kila kiua kimezungushiwa uzi ndani kama nje, na macho makini yataona tofauti ndogo ndogo za mkono wa mtu. Anayeuza kofia ya mashine aseme ni ya mashine, na bei iwe ya mashine. Udanganyifu huu unamuumiza fundi mara mbili: unamnyang'anya mteja, kisha unamfanya mteja anayebaki aone bei ya haki kuwa ni wizi.

Kofia hii haina kisiwa kimoja. Lamu wanaishona, Ngazija wanaishona, na Oman, ambako huitwa kumma, ni sehemu ya vazi la taifa. Familia nyingi zilizotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na zile zilizoingia Oman baada ya 1970, zilikwenda na kofia zao na pia na ujuzi wa kuzishona. Tunawaomba jamaa zetu walioko Muscat na kwingineko wazipige picha kofia walizorithi, nje na ndani, watutumie pamoja na jina la aliyeshona kama linajulikana.

Wenzetu wa mbali wametuonyesha kwamba inawezekana. Katika mji wa Alençon, Ufaransa, mafundi bado hushona lesi ya sindano inayohitaji saa 7 kwa sentimita moja ya mraba, na UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2010. Idrija, Slovenia, wana shule ya lesi iliyofunguliwa 1876 na hadi leo watoto wanasoma humo. Tunaitamani shule hiyo kuliko orodha yoyote.

Kwa hiyo tunaiomba serikali iingize ushonaji wa viua katika vituo vya mafunzo ya amali, na iwalipe mafundi wazee kama walimu hata kama hawana cheti. Cheti chao wamekishika mkononi. Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi usioshikika, na mkataba huo unaitaka kila nchi iandae orodha za urithi ulio ndani ya mipaka yake. Tunaomba kofia ya viua iandikwe humo, na mafundi wenyewe waulizwe kabla kalamu haijashikwa. Mji Mkongwe umelindwa kama urithi wa dunia tangu 2000. Waliokaa barazani mwake wakishona nao wanastahili jicho hilo.

Sisi kwa upande wetu tunajifunga hivi. Kofia itakayoletwa kwetu itapigwa picha, itanakiliwa viua vyake kwenye karatasi ya miraba, na itarudishwa kwa mwenyewe. Haitauzwa wala haitazuiliwa. Jina la ukoo litaandikwa kando ya mchoro iwapo wenyewe wataridhia. Na kuanzia sasa kila mwanachama atashona alama yake kwenye pindo la ndani, ili kofia isipotee tena bila kujulikana imetoka mkononi mwa nani.

Nakala za tamko hili zinapelekwa kwa viongozi wa mitaa, misikiti, skuli na maduka ya kofia. Walio na kofia za zamani wasisubiri kuitwa. Wamwone fundi yeyote wa chama aliye karibu nao.