Boksi ya fyuzi ya pikipiki: mimi nachagua ile isiyo na akili

Wasomaji wangu, leo tuiache kompyuta kando kidogo, ingawa mtaona sitaenda mbali sana. Pikipiki ya siku hizi haina taa na honi peke yake. Mwenye boda ana chaji ya simu, ana trakka, ana taa mbili za LED za kuongeza mwanga, na wengine wana redio juu yake. Je, umeme wa vitu hivi vyote unatoka wapi?

Mara nyingi fundi huchuna waya wa taa kubwa na kuunganisha hapo hapo. Itafanya kazi mpaka siku chaji ya bei rahisi ipige shoti. Pikipiki nyingi ndogo zina fyuzi moja kuu tu, kwa hivyo ikiungua unaweza kuzimikiwa na kila kitu usiku kwenye mteremko wa Mai Mahiu, lori likiwa nyuma yako. Na yule anayefunga karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ili afike nyumbani anakaribisha moto chini ya tangi la petroli.

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni: programu moja ikikwama, isiangushe kompyuta nzima. Boksi ya fyuzi hufanya hivyo hivyo. Waya mmoja mnene hutoka kwenye betri, ukiwa na fyuzi yake karibu kabisa na betri, kisha kila kifaa hupata njia yake na fyuzi yake.

Sokoni kuna aina mbili. Aina ya kwanza ni ya fyuzi za kawaida, kama FZ-1 ya Fuzeblocks yenye njia 6 na rilei ndani yake. Ukihamisha fyuzi, unaamua njia ipi iwake na ufunguo na ipi iwe na umeme wakati wote. Aina ya pili ni ya kielektroniki, kama PDM60 ya Rowe. Haina fyuzi hata moja, inapangwa kwa kompyuta, na hukata umeme yenyewe.

Mngetarajia nipende hiyo ya pili. La hasha! Ni kazi nzuri, lakini ikiharibika ukiwa Marsabit nani ataitengeneza? Fyuzi bapa inapatikana katika duka lolote la spea, na ikiungua unaiona kwa macho. Kifaa kinachobeba usalama wako kiwe kile ambacho fundi wa kando ya barabara anakielewa.

Hata hiyo ya ng'ambo si lazima. Nunua boksi ya kawaida ya njia 4 au 6 yenye kifuniko, na rilei ya volti 12 ya magari. Mguu wa 30 uende kwenye betri kupitia fyuzi kuu, 87 kwenye boksi, 86 kwenye waya unaowaka na ufunguo, na 85 kwenye hasi. Ukizima pikipiki, vyote vinazima, na asubuhi betri iko hai. Trakka ipewe waya wake na fyuzi yake moja kwa moja kutoka betri.

Hesabu ni rahisi: gawanya wati kwa volti. Taa mbili za wati 20 kila moja ni 40 kwa 12, yaani kama ampea 3.3. Hapo fyuzi ya 5 inatosha. Kumbuka fyuzi inalinda waya, si kifaa, kwa hivyo usiweke ya 15 kwenye waya mwembamba eti isikusumbue. Jumla ya vyote nayo isizidi umeme unaobaki baada ya pikipiki kujitosheleza, la sivyo betri itaisha ukiwa unaendesha.

Mwenye boda akiniuliza aanze na taa au boksi, nitamwambia boksi kwanza.